Waliotubakizia Gari Hizi

Hotuba kwa wapenzi wa gari za zamani, viwanja vya Maisara, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliokesha mkipangusa vioo na kung'arisha ringi mpaka adhana ya alfajiri: nimefurahi. Kabla ya kupanda hapa nimeupita mstari mzima, gari moja baada ya nyengine. Nimeiona Peugeot 504 ya rangi ya maziwa iliyovushwa kutoka Pemba, bado ina udongo mwekundu ndani ya magurudumu, na mwenyewe kaniambia ameuacha makusudi. Nimeziona BMW mbili za pembe kali, zile za miaka ya 80. Nimeiona Toyota Crown yenye mapazia ya dirisha la nyuma. Mercedes nimezihesabu tisa, nikarudia kuhesabu kwa raha tu ya kuhesabu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mapenzi ya gari hizi. Mimi si fundi. Nimesomesha skuli miaka thelathini na moja, fizikia na hesabu, kwanza Wete kisha hapa mjini. Lakini nina gari yangu moja, Mercedes 240D ya mwaka 1980, niliyonayo tangu 1994, na kila nilichokijua juu ya gari nimekijua nimesimama pembeni ya fundi nikimshikia tochi. Basi leo nataka kumzungumzia huyo niliyekuwa nikimshikia tochi. Tukikutana hivi huwa tunawasifu wenye gari. Mwenye gari anapigwa picha, anaulizwa mwaka, anaulizwa bei. Aliyeiweka hai gari hiyo hatumtaji hata jina, na mara nyingi hata kadi ya mwaliko hakupata.

Nianze na gari yenyewe, maana wapo watoto hapa wanaouliza: kwani ina nini?

Mfululizo huo wa Mercedes, ambao kiwandani uliitwa W123, ulianza kuuzwa mwaka 1976 na ukaendelea kutengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 80. Zilitoka karibu milioni 2.7. Yangu ina injini ya dizeli ya silinda nne, nguvu farasi 72. Ndiyo, 72. Vijana wenye Toyota Chaser na Mark II za taa za mviringo wananitazama kwa huruma, maana injini zao za 1JZ zenye tabo ya kusukumia hewa ndani zilitoka Japani zikiandikiwa farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa huko walikubaliana mwaka 1989 wasivuke hapo. Lakini mwambieni mmoja wao aifunge milango ya gari zote mbili huku amefumba macho. Mlango wa W123 haupigi kelele. Unaingia mahali pake kama kifuniko cha kasha la Kipemba lililochongwa na fundi anayejiheshimu. Chuma kile ni kizito, bawaba zake ni nene, na latchi yake ilitengenezwa na mtu aliyejua kwamba mlango utafunguliwa mara laki moja na bado utatakiwa ufunge.

Dereva mmoja wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliiendesha 240D yake, ya mfululizo uliotangulia huu wangu, kilomita milioni 4.6. Mwaka 2004 wenyewe Mercedes wakaichukua kwenye makumbusho yao. Nikiwasomesha watoto juu ya namba kubwa nilikuwa nawapa hiyo. Kutoka mjini mpaka Nungwi na kurudi ni kama kilomita 120. Gawanyeni wenyewe muone ni safari ngapi.

Na gari za kifahari zina haki nyengine juu yetu. Mambo mengi tunayoyaona leo kwenye kigari cha kawaida kabisa yalianzia kwao. Breki zisizofunga magurudumu unapokanyaga ghafla, zile za ABS, zilikuja mwaka 1978 kwenye Mercedes kubwa ya S. Mfuko wa upepo wa dereva ukaja kwenye S ya baadaye, mwaka 1981. Matajiri wa Ulaya walilipia majaribio, leo mama anayempeleka mwanawe skuli kwa gari ndogo iliyotoka mnadani Japani analindwa na yale yale. Ninapoiona S ya miaka ile inasukumwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, moyo unaniuma.

Sasa niwaeleze usiku mmoja.

Ilikuwa mwaka 1998, nimerudi kutoka maziko ya ami yangu Chwaka. Nimefika nyumbani Kikwajuni, nikaegesha, nikazima, nikachomoa ufunguo. Gari haikuzimika. Ufunguo ninao mkononi, taa zote zimelala, na injini inanguruma pale pale tak-tak-tak. Watoto wa mtaa wakakusanyika. Kibibi mmoja akaniambia niisomee gari dua. Mimi mwalimu wa fizikia nilisimama nikiutazama ufunguo kiganjani, sina la kusema.

Akaitwa yule fundi wangu. Ni mzee aliyekuwa na banda lake nyuma ya nyumba za Miembeni, Mungu amrehemu. Alikuja kwa baiskeli, kanzu kaifunga kiunoni. Hakuniuliza kitu. Alifungua boneti, akaingiza mkono upande wa pampu ya mafuta, akakibonyeza kijiti kidogo cha chuma kilichoandikwa STOP. Injini ikanyamaza. Miaka minne nilikuwa na gari ile, na neno lile lilikuwa pale muda wote, kwa herufi kubwa, nami sijaliona.

Kisha akakaa chini kwenye kigoda na kunisomesha. Dizeli, alisema, haina plagi za kuwasha cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto, mafuta yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo kukata umeme hakuizimi. Wajerumani walifanya ufunguo ufungulie mfereji wa upepo, vakyumu, na mvuto wa upepo huo ndio unaoifunga pampu ya mafuta. Na upepo huo huo ndio unaofunga kufuli za milango. Pakivuja popote, hata mlangoni, injini inaweza isizimike.

Akachomoa mipira myembamba, mmoja mmoja, akawa anainyonya. Mpira ulio mzima unaushika ulimi. Akanipa na mimi ninyonye nione. Wa kwanza ukashika, wa pili ukashika, wa tatu ukashika. Wa mlango wa nyuma wa kushoto nikanyonya mpaka mashavu yakabonyea, wala haukushika kitu. Akaufungua mlango ule kwa taa ya kandili, akatoa kikopo kidogo cha plastiki, ndani yake kiwambo cha mpira kimechanika, ufa wenyewe hauzidi ukucha wa mtoto mchanga. Akakata duara kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akalisugua kwa msasa, akalipaka gundi ya kuzibia pancha, akalibana kwa vidole huku akinipa habari za wanawe. Kiraka kile kilikaa miaka saba.

Kitabu cha kiwandani kinasema kikopo kile kibadilishwe kizima. Na ni sawa, kwa mtu aliye na duka la spea mtaa wa pili. Fundi wangu alijifunza ufundi miaka ambayo duka hilo halikuwepo. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchi nzima, sabuni ilipangiwa foleni, seuze gaskiti ya silinda hedi, kile kizibo chembamba kinachokaa baina ya vyuma viwili vya injini. Mpaka biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 80, gari iliyokuwepo ndiyo hiyo hiyo. Ikifa, umerudi kwenye baiskeli.

Ndipo mafundi wetu wakafanya walichokifanya. Gaskiti ya karatasi ngumu walikuwa wakiikata bila mkasi wala rula: karatasi inalazwa juu ya chuma chenyewe, kisha inagongwa taratibu pembezoni kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mpaka ncha ya chuma inaikata karatasi kwa umbo lake hasa, matundu na yote. Bushi walizichonga kwa mpira wa tairi la lori. Fundi wa milango ya nakshi aliombwa kuunga ubao wa dashibodi. Hapo simsimulii mtu mwengine. Kipande cha ubao kwenye gari yangu, kile kinachozunguka gia, ni mfenesi wa Unguja, na rangi yake ya manjano imekuwa ikiiva mwaka hadi mwaka.

Na viti! Hili nalipenda, niachieni nilikalie kidogo. Kwa miaka mingi viti vya gari za Kijerumani havikujazwa sponji peke yake. Vilitiwa matandiko ya nywele za farasi na nyuzi za makumbi ya nazi zilizochanganywa na utomvu wa mpira. Makumbi ya nazi, ndugu zangu. Kitu ambacho mama zetu wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanakifukia pwani kwenye matope, wanasubiri miezi, wanakifukua, wanakiponda kwa magongo mpaka unatoka usumba wa kusokotea kamba. Kiti changu cha dereva kilipokwisha, kimegeuka unga wa kahawia unaomwagika sakafuni kila nikikaa, fundi wa viti pale Mwembetanga aliukamata unga ule, akaunusa, akacheka, akasema: "Maalim, hii si ya kwetu hii?" Akaagiza usumba kutoka shamba. Akautandika kwa tabaka, akapaka utomvu, akaukandamiza kwa mawe siku mbili. Mgongo wangu haujawahi kulalamika tangu siku hiyo.

Sasa nije kwenye adui, maana mapenzi bila kumjua adui ni maneno tu.

Adui yetu ni upepo huu mnaouona mtamu. Upepo wa bahari una chumvi. Chumvi haili bati kwa meno. Inavuta unyevu kutoka hewani na kuuweka juu ya chuma hata siku isiyo na mvua, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu, kwa hakika, ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita ndani ya chuma. Gari iliyokaa miaka arobaini kwenye nchi kavu, ikiletwa hapa ikaegeshwa Mizingani bila uangalizi, masika mawili tu itakuonesha sura yake.

Na kutu haianzi mnapopaona. Kwenye W123 tazameni pale jeki inapoingia, chini ya betri, nyuma ya taa za mbele, na chini ya raba ya kioo cha nyuma. Kwenye 504 inueni mazulia. Kwenye gari yoyote ile tazameni chini ya milango. Kila mlango una vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Maji ya mvua yanateremka na kioo, yanaingia ndani ya mlango, na yanatakiwa yatoke. Vumbi la mawe ya matumbawe likichanganyika na maji linakuwa kama saruji, linaviziba, mlango unakuwa ndoo. Dawa yake ni chelewa. Chomoeni chelewa moja kwenye ufagio, ipitisheni katika kila kitundu, kila mwezi. Mtaona maji meusi yanatoka kama kahawa. Hiyo haikugharimu hata senti, na imeziokoa gari nyingi kuliko rangi yoyote ya dukani.

Mimi nililipia somo langu. Niliwahi kuipeleka gari kwenye gereji moja, nikavutiwa na rangi zao zinazong'ara. Kutu ya chini ya milango hawakuikata. Waliisugua juu juu, wakajaza puti, kwa chini wakapaka lami, wakapiga rangi ikawa kama kioo. Nililipa mshahara wa miezi mitatu. Masika ya pili yakaja mapovu, nikayabonyeza kwa kidole na kidole kikaingia. Lami ile ilikuwa imeyafungia maji ndani. Fundi wangu wa Miembeni hakunilaumu. Alikata bati lote lililooza mpaka akafika kwenye chuma kinacholia ukikigonga, akachomelea bati jipya kipande kwa kipande, Jumamosi sita. Kisha akaniambia niisikilize: chuma kizima kinalia, chuma chenye puti kinasema "dub". Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu anunue gari kabla sijaigonga mwili mzima kwa kifundo cha kidole.

Mnaovusha gari kwa meli kwenda Mkoani au Dar es Salaam, zioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku ile ile, na chini pia. Povu la bahari linalorukia sitahani halisubiri kesho.

Jengine ni kuziacha. Kisiwa chetu urefu wake ni kama kilomita 85. Wengi tunatoka Michenzani kwenda Darajani, tunazima, tunarudi. Injini haijapata moto vya kutosha, mvuke wa maji unabaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi, unakula taratibu. Wengine ndiyo kabisa, gari inafunikwa turubai mwaka mzima isichafuke. Raba zinakauka, breki zinashikana. Ipelekeni Makunduchi Ijumaa baada ya sala, iende mwendo wake bila haraka, ipate moto, irudi. Mwendo wake, nasema. Kijana mwenye tabo mbili, barabara ya Bububu saa za asubuhi ina watoto wa madrasa pande zote, nakuomba kama mzazi.

Wakati tukiwa wadogo tulisikiliza mbio za gari za Safari redioni, siku za Pasaka. Zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi visiwani hazikutufikia, lakini tulijua kila kitu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tulikuwa tukiyakariri majina ya madereva kama tunavyokariri timu ya mpira. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na baba yake vile vile alikuwa na gereji. Hilo mtangazaji alikuwa akilitaja kwa kupita tu, nami nimelielewa uzito wake nikiwa mtu mzima.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwashika mkono.

Fundi wangu alifariki mwaka 2011. Alipofariki alikwenda na mambo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote. Alijua spea ipi ya gari gani ya Kijapani inaingia kwenye Mjerumani bila kukatwa. Alijua vali za dizeli yangu zirekebishwe kwa nafasi gani kwa joto la hapa, na alikuwa akipima kwa kipande cha bati alichokisugua mwenyewe, hakuna maandishi juu yake. Kipande kile ninacho. Ninakijua ni cha kupimia kitu, sikijui ni cha vali za kuingiza au za kutoa. Nilimshikia tochi miaka kumi na saba na sikuandika hata ukurasa mmoja, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto waandike.

Spea siku hizi zinapatikana. Mercedes wenyewe wana kituo chao cha gari za zamani huko Fellbach, Ujerumani, tangu 1993, na mtu anaagiza kwa simu akiwa barazani. Mikono inayojua kuzifunga ndiyo haiagiziki. Mafundi wa umri wa yule mzee waliobaki Unguja na Pemba tunawajua kwa nyumba zao. Wengine hawaoni vizuri tena. Wana wao na wajukuu zao wamekwenda kwenye kazi za hoteli na bodaboda, kwa sababu sisi, wenye gari hizi nzuri, tunabishana na fundi kwa elfu tano na hapo hapo tunalipia stika ya kioo elfu arobaini bila kuuliza mara mbili.

Nawaombeni mambo mawili. Fundi alipwe anachostahiki, siku aliyomaliza kazi, mkononi. Na kila gari iliyopo hapa iwe na daftari lake. Andikeni kilichofunguliwa, kilichotiwa, nani alifunga, kwa nini alichagua hivyo. Kijana mwenye simu amrekodi fundi, mwenyewe akiridhia, mikono yake inavyokwenda. Na yule mwanafunzi wa amali anayetaka kujifunza, mpeni nafasi ya kushika tochi.

Leo nimekuja na mgeni. Yuko pale chini ya mvinje, mwenye kofia ya kiua na shati la buluu. Ndiye fundi wa viti aliyenijazia usumba, na pamoja naye amekuja mdogo wake aliyekuwa akimsaidia marehemu fundi wangu kukata gaskiti. Gari yangu ni ile ya kijani, ya tatu kutoka baharini. Boneti nimeiacha wazi, na kile kipande cha bati nimekiweka juu ya betri. Saa kumi, baada ya sala, wataikata gaskiti moja mbele yenu kwa nyundo, mwanzo mpaka mwisho. Daftari na kalamu viko juu ya kiti cha mbele.

Ahsanteni sana. Wassalamu alaykum.